Ile picha ya "familia" yetu ya Krismasi

Jana mwenzangu wa enzi zile za kujitolea kaitoa tena ile picha. Watu tisa, meza moja, kofia nyekundu za karatasi, meno nje. Chini yake kaandika: "Familia niliyojichagulia." Mioyo imemiminika. Hata wasiowahi kulala ugenini usiku mmoja wanasema machozi yamewatoka.

Mimi nimo, wa tatu kutoka kushoto, na tangu jana nina hasira.

Si hasira na wenzangu. Wawili kati yao nikiwapigia saa nane za usiku watapokea. Hasira yangu ni hilo neno "niliyojichagulia", kwa sababu siku ile kulikuwa na familia nyingine iliyokuwa imetuchagua sisi, na tukaikataa ili tukavae makaratasi.

Nilikuwa nimepanga chumba kwa mama mmoja, miezi kumi ilikuwa inakaribia kutimia tangu nifike. Krismasi alianza kunitajia Oktoba. Alinionyesha mpaka kiti nitakachokalia. Dada yake angesafiri kutoka mbali, "aje akuone, mwanangu." Nikaitikia, tena kwa furaha. Halafu ilipofika tarehe 20 hivi, kundi letu la mavolontia kwenye simu likawaka moto: nani ana spika, nani anakuja na nani, tuchote majina tupeane zawadi za siri. Nikamwendea mama nikamwambia nimepata shughuli ya kikazi. Ya kikazi! Akasema kazi ni kazi.

Na siku kumi na tano tu kabla ya hapo, 5 Desemba, tulikuwa tumesimama juani na fulana za rangi moja tukiadhimisha Siku ya Kimataifa ya Watu Wanaojitolea, ile iliyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1985. Mratibu wetu alihutubia kwa muda mrefu juu ya "kuishi na jamii." Tulipiga makofi sana. Nami nilipiga, mikono ikauma. Kisha siku kubwa kuliko zote za hiyo jamii ikafika, nasi tukafunga geti na kufungulia muziki.

Kati yetu tisa alikuwemo Mmarekani wa Peace Corps, shirika la serikali ya Marekani linalopeleka watu wa kujitolea nchi nyingine, na kwa bahati mbaya ndiye aliyenifungua macho, ingawa alikuwa anajisifu tu. Aliniambia kwamba shirika lao, tangu lilipoanzishwa 1961, lina malengo matatu. La kwanza ndilo watu wanalolijua: kupeleka ujuzi unakohitajika. Mawili yaliyobaki hayahusu visima wala madarasa. Moja ni wenyeji wawaelewe Wamarekani, jingine ni Wamarekani wawaelewe wenyeji. Yaani theluthi mbili ya safari ni kukaa na watu! Wao hukaa miezi 27, mafunzo yakiwemo. Humo mna Krismasi mbili, ukibahatika tatu. Hebu niambieni, mtu mwenye nafasi mbili tu za kuona wenyeji wake wanavyocheka siku yao ya kucheka, anaipelekaje moja yake kwa mtu aliyesoma naye chuo kimoja? Maana ndivyo ilivyokuwa. Wale wawili walioketi pamoja upande wa mlangoni walisoma chuo kimoja. Walivuka bahari kuja kuzungumzia wahadhiri wao.

Ripoti tulikuwa tukiandika vizuri, hilo siwezi kukana. "Ushirikishwaji wa jamii" ilikuwa na ukurasa wake.

Haya, najua mtakachosema, na nusu yake nakubali kwa shingo upande. Kuwa mgeni kunachosha. Unakaa kwenye kiti cha heshima saa sita, unatabasamu, unafasiri kila utani kichwani, na ukifika mwisho wa utani wenzako wameshacheka na kunyamaza. Baada ya miezi kumi ya hayo, mtu anatamani kukaa na yeyote asiyemwuliza "kwenu mnafanyaje?" Sawa. Tena yupo volontia ambaye hakualikwa na mtu, na yupo aliyepelekwa nchi kama Japani ambako 25 Desemba watu wanakwenda kazini kama kawaida. Hao wakusanyike, wavae kofia zote wanazozitaka. Mimi nilikuwa na kiti, na nilionyeshwa.

Simu ya nyumbani ilidumu dakika kumi, saba kati yake zikiwa "unanisikia?"

Halafu hilo la familia. Mezani alikuwepo dada mmoja kutoka Ethiopia, na usiku kucha alikuwa mpole, akituambia kwa utani kwamba yeye anatusindikiza tu, Krismasi yake bado. Ya kwao ni 7 Januari. Tukashangilia, tukaapa kwamba tarehe 7 tutarudi hapa hapa, wote tisa, zamu yake. Mjerumani, ambaye alikuwa amenuna tangu jana yake kwa kuwa kwao sherehe ni jioni ya tarehe 24 na sisi tulimpuuza, ndiye aliyeapa kwa sauti kubwa zaidi.

Tarehe 7 Januari nilimkuta yule dada ofisini anajaza jedwali la mwezi. Hakuna aliyekumbuka. Hata mimi nilikumbuka kwa kuona kavaa nguo nyeupe. Leo picha yake inapata mioyo kama mwanafamilia.

Na jana, nilipoikuza ile picha nimtafute yeye, ndipo nikaliona bakuli. Liko dirishani, nyuma ya bega la Mmarekani, limefunikwa kitambaa cha maua. Jioni ile mama alimtuma mjukuu wake alilete, kwa kuwa watu wakiwa kazini hawapati muda wa kupika. Mtoto akagonga geti, bakuli likapokelewa, akaambiwa asante, akarudi zake gizani. Hakuna aliyemkaribisha ndani. Bakuli likasahauliwa pale pale mpaka asubuhi ya tarehe 26, kilichomo kikamwagwa, nikaliosha, nikalirudisha.

"Mlikula?" akaniuliza.

"Tulikula, mama. Tulimaliza."