Kiduha hakina mnada

Korosho ina bodi yake Mtwara mjini, ina watafiti wake TARI Naliendele, ina vyama vikuu vya ushirika vya TANECU, MAMCU, RUNALI na Lindi Mwambao, na ina salfa ya kupulizia mikorosho inayoshushwa kijijini kwa lori kila msimu. Ugonjwa wa ubwiri unga ukipiga maua, kuna mtu wa kumwita. Gugu kama kiduha, linalonyonya mizizi ya mtama, halina mwenyewe. Mkulima wa Nachingwea akiona mtama wake umedumaa na kunyauka ilhali mvua imenyesha juzi, atasema ardhi imechoka, atahamia kipande kingine, na jembe lake litahamisha ugonjwa uleule.

Msimamo wangu ni kwamba taasisi za kushughulikia magugu zipo, tena nyingi, ila zimekaa mbali na zimetawanyika. Iliyo karibu na shamba kuliko zote ni AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika cha wakulima, nayo haijawahi kupewa kazi hiyo.

Tuanze na kiduha, maana ndicho kinachokula chakula cha watu huku kusini. Kinachoonekana sana kwenye udongo wetu wa kichanga ni kile kifupi chenye maua madogo mekundu, Striga asiatica. Mbegu yake ni kama vumbi, na mche mmoja hutoa makumi ya maelfu. Mbegu hizo hulala ardhini zaidi ya miaka 10 zikisubiri harufu ya mzizi wa mtama, mahindi, uwele au mpunga. Mtama wenye njaa ya naitrojeni na fosforasi hutoa kemikali hiyo kwa wingi zaidi, na ndiyo sababu kiduha hupenda shamba lililochoka. Hakikulichosha chenyewe, ila kimekuta limechoka kikafanya makao. Mbegu ikishaota hujishika kwenye mzizi na kunyonya maji na chakula kwa wiki kadhaa kabla ya kuchomoza juu. Siku unayokiona kwa macho, hasara ya msimu huo imeshaingia.

Kwa hiyo ng'oa-ng'oa ya baada ya kuchomoza haiokoi mtama wa mwaka huu. Inaokoa wa miaka ijayo, ikiwa tu utang'oa kabla ya ua kukomaa. Ukikingojea kitoe mbegu ndipo ukikwatue na kukitupa pembeni mwa shamba, umekipanda mwenyewe. Kilichokwisha kutoa maua kibebwe kwenye mfuko na kuchomwa, kisiachwe kwenye mtaro.

Habari njema ni kwamba dawa ya kiduha iko Lindi tayari, na watu wanaiuza mnadani: ufuta. Mizizi ya ufuta humdanganya kiduha aote, kisha anakosa mzizi wa kunyonya na kufa. Pamba na karanga hufanya hivyo pia, ingawa nguvu hutofautiana kwa aina ya mbegu. Njugu mawe na kunde nazo husaidia, lakini zina kinyonyaji chao chenye maua ya manjano, Alectra. Ukikiona usidhani kiduha kimebadili rangi.

Msimu mmoja wa ufuta hautoshi. Panga angalau miwili mfululizo kabla ya kurudisha mtama, na mtama ukirudi uchanganye na mbaazi na uwekewe samadi shimoni. Wengi wanakwama hapa: wanarusha ufuta kwa mkono, miche inaota ovyo, jembe halipiti, na nyasi zinajaa katikati. Nyasi nyingi za porini humlisha kiduha vilevile, kwa hiyo shamba la ufuta lililojaa nyasi ni shamba la mbegu ya kiduha. Panda kwa mistari ya sentimita 50. Palizi ya kwanza iwe wiki ya pili au ya tatu pamoja na kupunguza miche, kwa sababu ufuta mchanga ni mvivu kukua na gugu huupita mbio. Kwa upande wa mtama, aina za Hakika na Wahi zilitolewa hapa nchini mwaka 2002 kwa ajili ya kustahimili kiduha. Ukienda maonyesho ya Nanenane pale Ngongo, Lindi, uliza mbegu hizo kwa majina, usiulize "mbegu bora" tu.

Nani wa kuulizwa siku za kawaida? Afisa ugani wa kata kwanza, kisha ofisi ya kilimo ya halmashauri. TARI Naliendele kwa ufuta, karanga na korosho. TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria ya 2020 na yenye makao makuu Arusha, kwa gugu geni usilolijua na kwa kuhakikisha kiuagugu kimesajiliwa. Mtandaoni kuna hazina ya bure ya CABI, shirika la kimataifa la taarifa za kilimo, ambao ofisi yao ya kanda iko Nairobi. Programu za simu za kutambua mmea kwa picha zinasaidia kwenye mimea yenye ua, lakini kwenye nyasi changa hubahatisha. Ukitaka jibu la uhakika peleka mmea wenyewe: wenye mzizi, jani, ua na tunda, umebanwa kati ya kurasa za gazeti kwa wiki moja huku ukibadilisha gazeti kila siku lisiote ukungu, na karatasi yenye kijiji, tarehe na aina ya shamba. Picha ya jani moja lililonyauka haimsaidii mtaalamu yeyote.

Tahadhari nyingine ni orodha za dunia. Shirika la uhifadhi la IUCN lina orodha ya spishi vamizi 100 mbaya kuliko zote, na humo utaikuta lantana na gugu maji. Kiduha hutakiona, kwa kuwa Afrika ni kwao, si mgeni. Marekani kilikuwa mgeni. Kiligunduliwa huko Carolina mwaka 1956, kikakutwa kwenye zaidi ya ekari 400,000, na serikali ikakifukuza kwa miongo: karantini, kukagua shamba kwa shamba, na gesi ya ethilini iliyodungwa ardhini ili mbegu ziote bila mtama. Leo kimebaki kwenye vipande vidogo. Gesi hiyo hatuna, lakini ufuta hufanya kazi ileile kwa mzizi wake. Ambacho hatujajaribu ni ule ukaguzi wa shamba kwa shamba.

Halafu kuna "sukuma-vuta", njia ya kuzuia kiduha na wadudu ya kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, ambayo kila mradi ukija huileta kama msaafu. Unapanda desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, katikati ya mahindi, na majani ya tembo au nyasi za brakiaria pembeni. Kisayansi ni kazi safi, na kwenye nchi yenye mvua mbili na ng'ombe wa maziwa zizini inalipa, kwa kuwa majani yote mawili ni malisho. Newala na Tandahimba mvua ni ya msimu mmoja, kiangazi kinapita miezi sita, na wafugaji wa zizini ni wachache. Desmodiamu ikikauka Agosti unapanda upya kila mwaka, na mbegu yake si rahisi kuipata. Kwa maoni yangu, huku tungetangulia na ufuta na mbaazi, ambazo mkulima anazijua na soko analo.

Viuagugu navyo vina nafasi yake. Ndago na sangari kwenye shamba la mikorosho michanga huwezi kuzimaliza kwa jembe, maana ndago ukiikata unavunja mnyororo wa viazi vyake na kila kiazi kinaota peke yake. Dawa ya glaifoseti inashuka hadi chini, mradi uipige ndago ikiwa mbichi na inakua, karibu na kutoa ua. Ukiipiga Septemba ikiwa imekauka umemwaga hela. Tatizo kubwa ni vipimo. Watu wanapima kwa vifuniko, "viwili kwa bomba", na hakuna anayejua bomba lake linamaliza eneo gani. Pima hivi: weka maji matupu, nyunyizia mita 10 kwa 10 kwa mwendo wako wa kawaida, kisha angalia umetumia lita ngapi. Zikiwa lita 2, ekari moja itakula lita 80, yaani mabomba matano ya lita 16. Kama kibandiko kinasema lita moja na nusu kwa ekari, kila bomba linapewa mililita 300, kwa kikombe chenye alama.

Maji ya lambo yenye tope huiua glaifoseti kabla haijafika kwenye jani, kwa kuwa dawa hushikwa na udongo. Chuja au tafuta maji safi. Mvua ikinyesha ndani ya saa nne hadi sita, rudia. Weka kikinga kwenye nozeli, maana dawa ikigusa gome la kijani la mche wa korosho nao unakwenda. Dawa ya 2,4-D isikaribie ufuta hata kwa upepo, na bomba lililoibeba lisitumike tena kwenye mkorosho, hata ukiliosha vipi.

Lantana, kile kichaka cha kwenye orodha ya IUCN, nitaipitia haraka. Kuichoma moto tu ni kuipogoa, kwani inachipua upya. Ing'oe wakati wa masika udongo ukiwa laini, au ikate sentimita 10 kutoka chini na upake kisiki glaifoseti hapohapo, kabla utomvu haujakauka. Ndege huleta mbegu mpya, kwa hiyo rudi baada ya miezi mitatu. Sasa mifugo imekuwa mingi Kilwa na Liwale, na ng'ombe mwenye njaa akiila ini huharibika na ngozi huchubuka kwa jua.

Gugu karoti ndilo la kulizuia mlangoni. Lilionekana Arusha mwaka 2010, na husafiri na magari, nyasi za malisho, nafaka na mchanga wa ujenzi. Jani kama la karoti, maua meupe madogo, shina lenye mifereji. Huwasha ngozi, huleta pumu, na maziwa ya ng'ombe aliyelila huwa machungu. Maegesho ya malori Mingoyo na vituo vya kokoto kandokando ya barabara ya Kibiti ndiyo pa kuangalia kwanza. Ukiliona, vaa glovu na mikono mirefu, funika pua, ling'oe na mzizi kabla ya maua, kisha mjulishe afisa ugani ili taarifa ifike TPHPA.

Sasa AMCOS. Korosho huuzwa Oktoba hadi Desemba, salfa hugawiwa kuanzia Mei, minada ya ufuta hufuata. Februari na Machi ghala limefungwa na katibu yuko shambani kwake. Wiki hizohizo ndipo kiduha kinachomoza, wiki ya nne hadi ya nane baada ya kupanda mtama. Chama kina orodha ya wanachama, kina ghala, kina mizani, na kinajua shamba la nani liko wapi. Kinachotakiwa ni ajenda moja mwezi Januari na watu wawili kila kitongoji wa kupita mashamba mara mbili.

Sheria ipo. Chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982, halmashauri ya kijiji hutunga sheria ndogo, mkutano mkuu wa kijiji hushirikishwa, na halmashauri ya wilaya huidhinisha. Iandikwe kwa kupimika. "Kila mkulima atunze shamba lake" haina maana mbele ya baraza lolote. "Kiduha kitang'olewa kabla ya kutoa ua, na mtama wa mbegu utapurwa juu ya turubai" inaweza kukaguliwa. Faini iwe ndogo ya kulipika, na nusu yake inunue turubai kwa wasio nalo, kwa sababu mtama unaopurwa kwenye udongo mtupu ndio unaosafirisha kiduha kutoka Masasi hadi Ruangwa ndani ya debe la mbegu.