Kushindwa Nyamagana, kuamini sanduku

Wanaopima maoni ya wananchi Afrika, Afrobarometer wakiwemo, wamekuta jambo hilohilo mara nyingi: aliyempigia mshindi huridhika na demokrasia kuliko aliyempigia aliyeshindwa. Pengo hilo linauma zaidi kwenye demokrasia changa kama yetu ya Tanzania, ambako chama tawala hakijawahi kukabidhi Ikulu.

Je, kushindwa ndiko kunakoua imani? Mwanza inanitia shaka. Mwaka 2010 wapiga kura wa chama cha upinzani Chadema walikosa urais, lakini jimbo la Nyamagana walimwangusha Lawrence Masha, Waziri wa Mambo ya Ndani, wakampa ubunge Ezekia Wenje. Ilemela akapita Highness Kiwia. "Kuchakachua" lilikuwa neno la kila kijiwe mwaka ule, ila ungemwambia nini mtu aliyesoma fomu ya matokeo iliyobandikwa kituoni, akanakili namba kwenye simu, kisha akaona waziri mzima ameanguka? 2015 chama tawala, CCM, kikayarudisha majimbo yote mawili. Watu walinuna, maisha yakaendelea.

Wapo wanaosema mwananchi huunga mkono mfumo kwa anachokipata, awe kashinda au kashindwa. Daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 juu ya Ziwa Victoria, lilipofunguliwa Juni 2025, foleni ya kivuko iliwaishia wote, wa kijani ya CCM na wa kombati za Chadema. Hoja hiyo naiheshimu: mgonjwa wa Sengerema anayewahishwa hospitali ya Bugando, Mwanza, hana muda wa kuuliza nani alihesabu kura. Lakini Oktoba 29 mwaka huohuo ukaja uchaguzi ambao Chadema haikuwemo, mshindi akatangazwa kwa zaidi ya asilimia 97. Maandamano yalizuka mijini, Mwanza ikiwemo, na watu wakapoteza maisha. Mtu anaweza kulishukuru daraja na bado asiliamini sanduku.

Basi twende mahakamani? Ibara ya 41(7) ya Katiba inaizuia mahakama kuchunguza uchaguzi wa Rais akishatangazwa. Ningefurahi ifutwe, ila tuwatazame jirani zetu wa Kisumu, ziwa hilihili. Septemba 1, 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya ilifuta matokeo ya urais, mji ukashangilia. Oktoba 26, siku ya marudio, huko kura hazikupigwa. Tume ilikuwa ileile. Kwangu mimi tume na wakala wa chama kituoni wanatangulia, mahakama inafuata. Wakala akitolewa nje wakati wa kuhesabu, jaji ataletewa fomu iliyojazwa na nani?