Namba tasa ilivyonitoa jasho kwenye kikao cha harusi

Basi bwana, mwaka juzi nikapewa uweka hazina kwenye kamati ya harusi ya binamu yangu, kisa tu nilisoma PCM (fizikia, kemia na hesabu).

Siku ya kikao michango ikawa imefika 1,111,000 kamili, mi nikaona uhondo si huu, nikatupia 111 yangu kwa simu ili isomeke 1,111,111. Moja saba zimejipanga kama askari wa gwaride. Hakuna aliyeshtuka hata mmoja, ila moyo wangu ulikuwa mweupeee.

Mwenyekiti akasema haya, tuna kamati ndogo 7, kila moja ipewe sawa kwa sawa. Hapo ndo ujuaji ukanipanda, maana kwenye daladala nilikuwa nishaigawa sana hiyo namba, kwa 3 inabaki 1, kwa 7 inabaki 1, kwa 11 na 13 hivyo hivyo, yaani kila ukigawa kuna kishilingi kimoja kinakuchekea, nikaenda mpaka 23 imegoma tu nikajua huyu hagawanyiki na mtu. Nikasimama, nikakohoa kidogo, nikasema kwa sauti ya mhadhiri, "Ndugu wajumbe, hela ya bibi harusi haigawanyiki, ni tasa."

Sasa shangazi, mama wa bibi harusi, alikuwa kule pembeni anabishana na mtu wa mapambo. Kilichomfikia ni "bibi harusi" na "tasa".

Weee! Khanga ikafungwa kiunoni. "Mwanangu hata ndoa hajaingia, we ushamuona tasa?"

"Shangazi nisikilize, namba tasa ni ile inayogawanyika kwa 1 na kwa yenyewe basi, tumefundishwa shule ya msingi..."

"Kumbe ndo matusi mnayofundishwa huko!"

Nikapigwa faini kreti mbili za soda, na mwenyekiti ambaye najua kabisa amenielewa (mwalimu wa hesabu yule, mstaafu!) akaangalia dari.

Nikasema poa, angalau kwenye hesabu niko sahihi. Dakika kama kumi mbele mjukuu wa shangazi, wa darasa la sita, toka kelele zianze yuko na kalkuleta ya simu anagawanya kimya kimya, akaniita. "Anko, mbona inagawanyika? 239 mara 4,649."

Nikapiga mwenyewe. Inatoka vilevile. Mimi nimechoka kwenye namba tasa ya 9, mtoto kavumilia mpaka ya 52. Baadaye nikaja kujua moja zikiwa 19 ndo inakuwa tasa ya kweli, ila michango ya ukoo wetu ikifika huko tutakuwa tunaoza wajukuu wa wajukuu.

Nikamwambia dogo nyamaza, soda zishatoka hizi. Asinyamaze sasa! Akapaza sauti ukumbi mzima usikie:

"Bibiii, anko kakosea, hela sio tasa! Ila 239 ni tasa na 4,649 naye tasa!"

Shangazi akageuka taratibu, akaniangalia mimi. "Wamekuwa wawili?"

Kreti ya tatu nililipa bila kuulizwa.