Acheni kutufichia kinachotokea kifaa kikiwaka

Jana saa saba usiku ndo kimewaka. Siku tatu nzima kikompyuta changu cha gemu cha mkononi, kinachotumia mfumo wa Linux, kilikuwa kinaonyesha nembo tu, nembo katikati ya skrini nyeusi, feni inazunguka, basi. Kilichoniudhi sio kuharibika, vitu vinaharibika. Kilichoniudhi ni kwamba mashine ilijua tatizo tangu siku ya kwanza na ilikuwa inalitaja wazi, ila kuna mtu kati yenu mnaotengeneza hii mifumo alishaamua mimi nisilione.

Ilikuwa hivi. Dogo aliazima memori kadi yangu, na mimi ile kadi nilishaiandika kwenye fstab (faili la diski ambazo mfumo unazifungua ukiwaka) kwa UUID yake, yaani namba yake ya utambulisho, zamani nikasahau. Kifaa kikagoma kuwaka. Nikahisi ni kadi, nikaidai, nikairudisha, kikagoma vilevile, basi nikaacha kuishuku kadi nikahamia kwenye betri, SSD (diski ya ndani), fimwea (programu ya ndani ya kifaa chenyewe), kumbe dogo alishaifomati, na ukifomati UUID inabadilika, yaani kwa Linux ile ni kadi nyingine kabisa.

Kila niliyemuuliza jibu ni moja: futa kila kitu, weka mfumo upya. Sevu za gemu za miaka miwili hizo jamani! Na nusura nifute kweli.

Mwisho nikachomeka kibodi ya USB, nikashikilia kitufe cha sauti na cha kuwashia mpaka menyu ikaja, nikaingia GRUB, programu inayoanzisha mfumo, nikabonyeza e, nikafuta maneno mawili kwenye mstari wa keneli, kiini cha mfumo: quiet inayonyamazisha maandishi na splash inayoweka nembo. Maandishi yakaja, yamelala ubavu maana skrini nyingi za hivi vifaa zimeundwa za wima kama za simu, ukitaka yasimame unaongeza fbcon=rotate:1, mi nilikuwa nayasoma nimeinamisha shingo. Na mstari ule hapo, systemd, programu inayowasha huduma zote za mfumo, inasubiri diski yenye UUID ya zamani, sekunde zinahesabiwa hadi dakika moja na nusu, halafu inakata tamaa inaingia hali ya dharura, na hali ya dharura nayo inasema akaunti ya root, ile ya msimamizi mkuu, imefungwa, haiwezi kukufungulia. Siku tatu zangu zote zilikuwa kwenye mistari miwili.

Dawa yake nikawasha kwa flashi yenye Linux, nikafungua fstab, nikaongeza nofail kwenye mstari wa kadi, yaani kadi isipokuwepo mfumo uendelee kuwaka. Neno moja! Ukiweka na x-systemd.device-timeout=5s hata ile subira ndefu inaisha.

Sasa nikisema hivi wataniambia watu wa kawaida wanaogopa maandishi, wanataka kucheza tu. Sawa, nakubali, mtoto wa miaka minane hana haja ya kuona keneli ikihesabu vifaa vya USB. Lakini hiyo ni hoja ya siku ambayo kifaa kimewaka vizuri. Kifaa kikiwa kimekwama nembo haimsaidii mtoto wala mtu mzima, wote wanakodolea kitu kimoja kisichosema kitu. Wekeni nembo sekunde kumi na tano, ikipita hapo mfumo haujafika, ondoeni nembo tuone umesimama wapi. Hata mtu asiyeelewa ataupiga picha ule mstari amtumie anayeelewa, na hapo ndo msaada unapoanzia, huwezi kumsaidia mtu ambaye maelezo yake yote ni "imeganda kwenye nembo".

Na msiniambie logi, kumbukumbu za mfumo, zipo. journalctl -b -1, amri ya kusoma logi za uwashaji uliopita, naijua na naipenda, ila kwanza uwe umefanikiwa kuingia, na mfumo ukifa kabla diski haijafunguliwa logi zinakuwa bado kwenye RAM, ukishikilia kitufe cha kuzima zimepotea.

Kibodi nayo ni kesi nyingine, kifaa kina vitufe chungu nzima na vijiti viwili halafu huwezi kuhariri mstari mmoja bila kwenda kutafuta habu ya kuchomekea kibodi ya USB.

Changu nimeacha quiet na splash zimetoka. Maandishi yanapita sekunde chache tu, dogo kauliza ni nini nikamwonyesha mstari wa ile kadi aliyoifomati. Apdeti ya leo asubuhi imezirudisha zote mbili, nimezitoa tena.