Mjomba, Heroes wanacheza lini?

Juzi mtoto wa dada yangu, ana miaka tisa, kaikuta jezi yangu ya Zanzibar Heroes, timu yetu ya taifa, kabatini kaivaa, imemfika magotini, afu kaja nayo sebuleni ananiuliza, "Mjomba, hawa wanacheza lini?" Swali jepesi kabisa. Yanga anajua wanacheza lini, Simba anajua, hata Arsenal huko mbali ratiba yao anayo kichwani mpaka mwezi wa tano. Nikamwambia subiri nikuangalizie, nikashika simu nikawa naperuzi peruzi, hamna kitu. Akachoka kusubiri akatoka nje na jezi yake kwenda kucheza.

Ndo nikasema leo niandike, manake kila tukizungumzia timu ya Zanzibar mjadala unakuwa ule ule, FIFA wametunyima uanachama, CAF wa Afrika wametufukuza, Bara wametubania, basi watu wanapandisha presha barazani kahawa inapoa. Mie na miaka yangu hii nimeanza kuona tunalilia kitu kimoja wakati kinachotuua ni kingine.

Kwanza tuwekane sawa kwenye historia. Kuna ndugu zetu wa Bara, na vijana wetu wa hapa hapa pia, wanadhani Heroes ni timu ya juzi, kakitu fulani walichopewa Wazenji wasilalamike ndani ya Muungano. Sivyo. Zamani lilikuwepo kombe linaitwa Gossage, jina la watengeneza sabuni hao, lilianza 1926 kwa Kenya na Uganda kukamiana wenyewe kwa wenyewe, Tanganyika wakaingia 1945 na Zanzibar tukaingia 1949. Elfu moja mia tisa arobaini na tisa jamani! Miaka 15 kabla ya Mapinduzi na kabla ya Muungano. Kombe hilo hilo ndo limezeeka zeeka likabadilishwa jina mpaka likawa hili la CECAFA Challenge, la Afrika Mashariki na Kati, tunalolijua. Kwahiyo anayesema Zanzibar inajitenga kwa kuwa na timu yake anakosea hesabu, timu ilikuwepo kabla hao wa kujitenga nao hawajapatikana.

Kushinda sasa, hapo hatusemi sana. Tulikaa kwenye mashindano hayo miongo na miongo tunakwenda tunarudi na mabegi yetu. Mpaka 1995.

Hiyo 1995 mie nilikuwa mdogo lakini naikumbuka kwa sababu ya redio. Baba alikuwa na redio ile ya mkulima, antena imevunjika kafunga waya wa shaba mpaka dirishani, na kama mtu akipita karibu na dirisha sauti inakatika, basi siku ya fainali sisi watoto tuliamrishwa tusisogee, ukae ulipo hata kama mkojo umekubana. Uganda kwao Kampala, sisi wageni. Tukashinda 1-0. Baba yangu mtu mkimya sana wallahi, yule mzee hacheki ovyo, alitoka nje akamkumbatia jirani yetu ambaye walikuwa hawasalimiani.

Na sababu ya kutosalimiana kwao ndo naitaka hapa. Ilikuwa Disemba, miezi miwili tu baada ya uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, ule wa Oktoba 22, 1995, Salmin Amour asilimia 50.2 na Maalim Seif 49.8, na wenye umri wao wanaujua moto ulioachwa na zile namba. Watu walihamishiana misikiti, walisusiana harusi, mpaka maduka, huyu hanunui kwa yule. Afu timu ikaenda Kampala ikarudi na kombe na kwa siku kama tatu hivi Unguja na Pemba zikasahau. Siku tatu tu, sidanganyi, ya nne wakarudi kwenye ugomvi wao. Lakini nitajie kitu kingine kilichowahi kufanya hata hizo tatu.

Mwaka huo huo Malindi walifika nusu fainali ya Kombe la CAF, klabu ya Zanzibar, nusu fainali Afrika. Siku hizi tukipita raundi ya awali tu tunataka kuchinja.

Haya, twende Ujerumani. 2006 Kombe la Dunia lilikuwa huko, na pale Hamburg klabu ya St. Pauli, wale jamaa wa bendera ya fuvu, wakaandaa kikombe chao kidogo cha wale wasio na kiti FIFA. Tukaalikwa. Walikuwepo Greenland, Tibet, Saiprasi ya Kaskazini, Gibraltar na wenyeji wenyewe wamejiita jamhuri. Na kocha wetu, kaa chini kwanza, alikuwa Oliver Pocher, mchekeshaji wa televisheni huko Ujerumani, si kocha wa mpira hata kidogo, yaani wenzetu wanapeleka makocha sisi tumepewa komediani. Na bado tukafika fainali! Tukatolewa na Saiprasi ya Kaskazini kwa penalti, na hili la penalti likumbuke kidogo nitalirudia.

Nusu fainali tuliwatoa Gibraltar. Hao Gibraltar sasa ni kamwamba kadogo, watu elfu thelathini na kitu, ukichukua Mjini Magharibi peke yake unawameza ukabaki na njaa. Sie kwa sensa ya 2022 tuko karibu milioni 1.9. Leo Gibraltar yuko UEFA, shirikisho la Ulaya, tangu 2013 na FIFA tangu 2016, anacheza na Ufaransa, anafungwa mabao kumi na nne, ndiyo, lakini anacheza na Ufaransa. Sie tuliomfunga tuko hapa tunaulizana mechi lini.

Mtu akisikia hivyo anapandwa na hasira anasema ubaguzi. Tulia. Gibraltar waliomba UEFA 1999 kabla kanuni haijabadilishwa, wakazungushwa miaka, wakaenda mahakama ya michezo, na mahakama ikasema ombi lao lipimwe kwa kanuni za zamani. Faroe ni sehemu ya Denmark, waliingia FIFA 1988 mlango ukiwa wazi. England na Scotland ndo usiseme, wao walikuwa wanacheza mpira kabla FIFA haijazaliwa. Wote hao tunaowatolea mfano barazani waliingia kabla mlango haujafungwa au mguu wao ulikuwa tayari ndani. Sasa hivi kanuni inataka taifa huru linalotambulika kimataifa, na Zanzibar pale Umoja wa Mataifa hatuna kiti, kiti ni cha Tanzania. Mie naumia lakini sioni wakili wa kuishinda hiyo.

CAF ndo walituchezea hasa. Machi 16, 2017, mkutano wa Addis Ababa, tukapigiwa kura tukawa mwanachama wa 55. Watu walilia. Siku hiyo hiyo, ukumbi huo huo, Issa Hayatou akaangushwa urais wa CAF na Ahmad Ahmad wa Madagaska. Mwezi wa saba, mkutano wa Rabat, huyo Ahmad akasema tulikuwa hatustahili kupokelewa tangu mwanzo, nchi moja haiwezi kuwa na vyama viwili, basi tukatolewa. Miezi minne. Kuna watu fenicha ya mkopo imedumu kuliko uanachama wetu.

Tulitolewa Morocco mwezi wa saba, na mwezi wa kumi na mbili Morocco akatupeleka fainali. Huyu wa pili ni Hemed Suleiman, kocha wetu, jina la utani "Morocco", na Mungu ana mizaha yake. CECAFA ya 2017 kule Kenya tulikwenda hakuna aliyetuwaza. Rwanda akala tatu kwa moja. Bara akatufunga la kwanza, tukarudisha tukaongeza, 2-1, na usiku ule mjini hakulaliwa, mie niliona mzee wa makamo kapanda juu ya gari la mtu anacheza kibao kata na mwenye gari anampigia makofi. Kenya suluhu, Libya wakatufunga moja lakini tushavuka. Nusu fainali Uganda, bingwa mtetezi, 2-1.

Fainali niliangalia Jaws Corner, pale Mji Mkongwe, sehemu ya kahawa na bao na siasa. Pameshonana huna pa kuweka mguu, muuza kahawa kaacha kugonga vikombe vyake na birika limewekwa chini. Kenya wakafunga mapema sana, dakika ya tano hivi, kimya. Tukakimbizana mpaka dakika za mwisho kabisa Khamis Mussa Makame akasawazisha na vile vikombe vya kahawa sijui viliishia wapi, mie shati langu jeupe liliharibika lote. Muda wa nyongeza Kenya wakaongoza tena, yule yule Khamis akasawazisha tena. 2-2. Penalti.

Nilishakwambia penalti uzikumbuke. Patrick Matasi, kipa wa Kenya, mrefu yule, golini hata pa kupitisha sindano unapatafuta. Tukafa 3-2. Mzee mmoja pembeni yangu akasema taratibu, "Hamburg tena," mie nilidhani mie peke yangu ndo naikumbuka.

Lakini angalia sasa. Timu imefika fainali Disemba 2017. Kizazi kile kilikuwa tayari, vijana wale wale, kocha wa kwao anayewajua mpaka majina ya mama zao. Kikafuata nini? Hamna. Hakuna kufuzu AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, kwa sababu Heroes haishiriki, hakuna mechi za kalenda ya FIFA, unakaa unasubiri CECAFA waamue kama mwaka huu kuna kombe au hakuna, na CECAFA wenyewe unawajua, Challenge Cup la mwisho la wakubwa wote kwa pamoja tulilicheza 2019 kule Kampala, tukaishia makundi. Baada ya hapo mara vijana, mara limeahirishwa.

Ndo hoja yangu hiyo. Kiti cha FIFA tutakililia mpaka kiyama, lakini kinachoiua Heroes ni kukosa kalenda. Timu ya taifa isiyo na mechi inayofuata si timu, ni kumbukumbu. Inakusanywa wiki tatu kabla, inalazwa hoteli, inacheza, inavunjwa. Angalia 2012, Viva World Cup, kombe la wasio na kiti FIFA, kule Kurdistani tukawa wa tatu, Disemba CECAFA Kampala tukawa wa tatu tena, tumewatoa Bara kwa penalti (tunazipata na sie siku moja moja). Mwaka mzuri kuliko yote. Ukaishaje? Wachezaji wakagawana dola 10,000 za zawadi, chama cha mpira kikataka zirudi, zikagoma kurudi, timu ikavunjwa. Kila mtu akawa upande wake kulaumu, mie nawalaumu wote na simlaumu yeyote, kama mchezaji hajui lini ataitwa tena ataachaje hela iliyo mezani?

Jamaa yangu mmoja wa Temeke huwa ananiambia, "Sasa nyie mnalia nini, Taifa Stars si yenu pia?" Ni timu ya Tanzania nzima, ni yetu, sikatai. Nadir Haroub Cannavaro alikuwa nahodha pale. Fei Toto, Mudathir, Bacca, hao wote wa kwetu. Na huyo huyo Morocco ndo aliyeivusha Stars kufuzu AFCON 2025, Mzanzibari. Naishangilia Stars nakauka koo. Lakini Stars wanaingia wawili, watatu, wanne, na wote wameshavuka maji wako klabu za Dar. Yule kijana wa klabu zetu za hapa, JKU au KMKM, anayecheza Ijumaa jioni mbele ya watu mia mbili anahitaji ngazi ya katikati, na ngazi hiyo ilikuwa Heroes.

Halafu dawa tumeshaionja! Januari 2025 Kombe la Mapinduzi walilifanya la timu za taifa badala ya klabu, likachezwa Pemba, Gombani. Mie nilipanda boti. Nilitapika njia nzima sitaki hadithi, lakini nilifika. Kilimanjaro Stars (hao ndo Bara), Kenya na Burkina Faso walikuja, na fainali tukawafunga Burkina Faso 2-1, tena nyumbani. Watu walitoka Micheweni, Mkoani, Wete, wengine wamepanda gari za mizigo na majani ya ng'ombe, kinamama na watoto mgongoni, na pembeni yangu kulikuwa na bibi ana redio sikioni wakati mechi anaiona mbele yake, nikamuuliza, Bibi mbona unasikiliza na macho unayo? Akanijibu, "Macho yangu hayaamini, nataka aniambie na mwengine."

Sasa hiyo iwekwe kila Januari. Isiwe mwaka huu taifa mwaka ujao klabu kutegemea nani kaamka vipi. Uwanja wa Amaan umekarabatiwa, mwaka 2025 mechi za kundi la CHAN, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za ndani, zilichezwa pale na Senegal na Nigeria wakaja, Gombani upo, Comoro wako jirani, Shelisheli, Reunion ambao na wao kama sie wako nusu ndani nusu nje pale CAF. Mechi nne tano kwa mwaka zenye tarehe, FIFA hahitaji kuombwa ruhusa ya kuchapisha kalenda ya ukutani. Na hela ya zawadi iandikwe kwenye karatasi kabla ya mpira kupigwa, mchezaji kiasi gani na chama kiasi gani.

Mtoto wa dada jezi hajairudisha bado. Jana kapita nayo imejaa matope mgongoni, kaniuliza tena.