Kiziwi na Msumeno: Hatari Iko Wapi?

Mwenye kiwanda kimoja cha mbao hapa Mafinga alimkatalia kazi kijana kiziwi mbele yangu, akisema hataki kesi ya mtu aliyekatika mkono. Jibu hilo limenikera sana, kwa kuwa hatari aliyoitaja ipo kweli, ila aliitafuta mwilini mwa kijana badala ya kuitafuta kwenye mashine yake.

Takwimu, nakiri kwa shingo upande, zinampa hoja. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2012 ulionesha kwamba walioumia kazini kwa mwaka walikuwa 6.0 kwa kila wafanyakazi 100 wenye ulemavu, dhidi ya 2.3 kwa wasio na ulemavu. Lakini mwili na mazingira ya kazi huumiza kwa pamoja, na kati ya hayo mawili ni mazingira ambayo mwajiri anaweza kuyabadilisha.

Tazama dingdong, mashine ya kupasulia magogo, ikifanya kazi: mkanda unazunguka bila kifuniko, mabanzi yametapakaa miguuni, pumba za mbao zimefunika sakafu yenye utelezi, na tahadhari pekee ni mtu kupiga kelele gogo linapogeuzwa. Injini ikishawaka, kelele hiyo haimfikii hata mwenye masikio mazima. Wapo mafundi waliokaa kwenye misumeno hiyo miaka mingi hadi usikivu wao ukaharibika, na bado wanaendelea kupasua mbao bila mtu kuwaambia kwamba ni hatari kwa kiwanda. Ishara za mikono zilizokubaliwa na wote, taa inayowaka kabla ya msumeno kuanza kuzunguka, na kifuniko cha mkanda vingemlinda kiziwi na vingewalinda wenzake vilevile.

Kuhusu kesi, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi upo tangu 2015; anayeogopa kulipa fidia na asajili vibarua wake.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu, na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamwajibisha kwa usalama wao. Nawaomba wakaguzi wa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, wanaofika huku Mufindi wazisome sheria hizo mbili kwa pamoja, na kila wanapokuta kiwanda kikubwa kisicho na hata mfanyakazi mmoja mwenye ulemavu, wamtake mwenye kiwanda aeleze kwa maandishi ni mashine ipi iliyomzuia kuwaajiri, kisha waikague hiyo kwanza.