Hakuna H, mama, nenda nyumbani

Nilimsindikiza mama mdogo kliniki ya presha. Daktari, kijana mstaarabu, akamuuliza: "Mama, vipimo vya nyuma unavyo?" Mama mdogo hatupi karatasi. Akafungua mkoba, akatoa rundo la vikaratasi vyembamba vilivyotemwa na mashine za maabara miaka yote hiyo. Vyeupe pe! Vimefutika kama risiti ya EFD iliyosahauliwa kwenye dashibodi. Kilichosomeka ni daftari lake la zahanati, ambamo majibu machache yalikuwa yamenakiliwa kwa peni.

Hasira haijanitoka mpaka leo.

Mashine zenyewe sizibezi. Ile ya FBP, yaani picha kamili ya damu, hupitisha chembe za damu moja moja kwenye kitundu chenye mkondo wa umeme na kuhesabu maelfu kwa muda mfupi, ufundi ambao Mmarekani Wallace Coulter aliupatia hataza mwaka 1953. GeneXpert hutoa jibu la TB kwa kama saa mbili, na kusema kama vimelea ni sugu kwa rifampisini, dawa kuu ya TB. Kwa nchi ambayo kila homa bado inaitwa UTI na taifodi, si haba. Ilimradi vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, viwepo na umeme usikatike, lakini hayo tuyaache leo.

Kinachonikera ni kwamba mashine hizi tunaziuliza swali moja tu: leo anaumwa nini? Karatasi ikitoka haina H (imezidi kiwango) wala L (imepungua) pembeni, "vipimo viko vizuri mama, nenda nyumbani." Basi.

Tazama kreatinini, taka ya damu ambayo figo huichuja; figo zikilegea, inapanda. Figo hazipigi kelele mapema. Mtu anaweza kupoteza karibu nusu ya uwezo wa figo zake na kreatinini ikabaki ndani ya kiwango cha kawaida. Kwenye daftari la mama mdogo kulikuwa na 58, kisha 71, kisha 86. Maabara nyingi huweka ukomo wa mwanamke karibu na 90, kwa hiyo H haikutokea hata mara moja. Kila namba ukiisoma peke yake haina kesi. Zipange kwa tarehe uone inavyopanda! Mashine ilisema kweli mara zote tatu, na madaktari watatu tofauti waliona namba moja moja. Wakati huohuo angeweza kupimwa protini kwenye mkojo, presha ikabanwa sawasawa, akakatazwa zile dawa za maumivu ya magoti anazojinunulia duka la dawa. Hiyo ndiyo kinga. Kusafishwa damu mara tatu kwa wiki siyo kinga, na bili yake tunaijua.

HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari kwenye damu kwa miezi kama mitatu, ni yaleyale. Kisukari hutangazwa kuanzia asilimia 6.5, basi mwenye 5.7 aliyefika 6.3 tunamsubiri avuke, tumpokee na vidonge.

Rafiki yangu wa maabara amenionya kwamba mashine mbili zinaweza kutofautiana kidogo, na kupanda kidogo mara moja si ugonjwa. Haya, nimekubali. Ndiyo maana nataka historia ndefu. Mashine nyingi zinaungwa na kompyuta, na GoTHOMIS, mfumo wa kompyuta wa kutunza taarifa za wagonjwa, ipo kwenye vituo vingi vya serikali. Basi jibu la leo lichapwe na ya nyuma pembeni yake, kwenye karatasi ya kawaida, nami niondoke nayo. Kwa sasa mgonjwa akivuka barabara kwenda hospitali nyingine, anaanza upya kama aliyezaliwa asubuhi hiyo. Kwa hiyo piga picha kikaratasi chako siku hiyohiyo, tarehe na jina la maabara vionekane.

Nilipouliza dirishani kama wanaweza kututolea majibu ya miaka iliyopita, nikajibiwa kwamba hiyo ni siri ya mgonjwa. Mgonjwa alikuwa amesimama pembeni yangu. Na dakika chache kabla, dirisha lilelile lilikuwa limemwita kijana mmoja kwa majina yake matatu, kisha likamtangazia majibu ya choo chake mbele ya benchi zima.